Gwaride Bubu

Katika wiki yangu ya kwanza kazini niliifundisha shule nzima kupiga saluti kwa mkono wa kushoto.

Naanza na hilo ili ninyi mlioajiriwa baada yangu mjue mnasoma maneno ya mtu wa aina gani. Sikukosea kwa uzembe. Mimi ni mtu wa kufunga kufuli, kuondoka, kisha kurudi kutoka barabarani kuivuta tena. Nilikosea kwa bidii. Gwaride nilijifunza kwenye simu, kutoka video za wanajeshi wa nchi ambazo siwezi kuzionyesha kwenye ramani, na kila jioni nilijitazama kwenye kamera ya mbele ya simu hiyohiyo nihakikishe ninafanana nao. Askari wa video alipoinua mkono, mkono wake ulionekana upande huu wa kioo. Wangu ukaonekana upande ule. Nikajisahihisha. Nilijisahihisha mpaka tukawa kama mapacha, na asubuhi nikawasahihisha wanafunzi wote.

Tulisalimiana hivyo kwa siku kadhaa na hakuna aliyeshtuka. Walimu hawakushtuka. Mwenye shule, ambaye sote tulimwita Kamanda, alizipokea saluti na kuzirudisha, naye kwa kushoto, asije akaonekana amepitwa na mambo. Aliyetuzindua ni dereva wa lori la kuni. Alisimama langoni, akatutazama kwa huruma, akauliza, "Kwani hapa nyote ni mashoto?" Nikawaamuru wote wabadilishe mkono.

Sasa nimestaafu. Nina umri wa miaka thelathini na mmoja. Nasema nimestaafu kwa sababu ndivyo Kamanda alivyotangaza kwenye kipaza sauti, mbele ya wazazi, na mimi sikuwahi kumbishia Kamanda akiwa na kipaza sauti. Habari za vyeo sitawapa, maana nilianza nikiitwa Sajini na nikaondoka nikiitwa Sajini, na cheo chenyewe nilipewa na mpishi kwa mzaha. Mshahara pia nitauruka. Hata tulipokuwa tukiupata hatukupenda kuuzungumzia.

Shule yetu iko Nyeri, upande wa Tetu, mbele kidogo ya Wamagana, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu huingia bwenini bila kubisha hodi. Zamani lilikuwa ghala la mahindi. Baadaye likawa ukumbi wa harusi, na harusi zilipopungua likawa shule ya bweni ya kijeshi. Ilikuwa miaka ile wanafunzi walipokuwa wakichoma mabweni huku na huku, na wazazi walikuwa tayari kumpa mtoto mtu yeyote aliyevaa bereti. Kamanda alinunua bereti. Hakuwahi kuwa mwanajeshi. Alikuwa akipeleka viazi na kabichi kwenye kambi moja, na vile askari wa langoni walivyozoea kumpungia mkono, siku moja alirudi nyumbani akihisi ameandikwa jeshini. Mzinga mnaouona pale langoni, ambao wageni hupiga nao picha, ni bomba la kisima lililopakwa rangi ya kijani na kuwekwa magurudumu ya mkokoteni. Msiwaambie wageni. Lakini msije mkaanza kuuogopa ninyi wenyewe, kama nilivyouogopa mimi mwaka wa kwanza.

Siku niliyokwenda kuomba kazi, Kamanda aliniuliza, "Uko na sauti?"

"Niko nayo."

"Toa."

Nikatoa. Mbwa wa jirani wakabweka mpaka chini bondeni.

"Cheti uko nacho?"

"La, Kamanda."

"Hata mimi sina," akasema, na hilo ndilo jambo la kweli kabisa aliloniambia kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja.

Sikumwambia kwamba nilipomaliza kidato cha nne niliwahi kwenda kujiandikisha jeshini. Nilifika kwenye meza ya pili. Mganga wa jeshi alinifungua mdomo, akaona jino moja limempanda mwenzake, akaniambia niende nyumbani. Niliacha shati langu pale uwanjani kwa aibu, nikarudi Nyeri nimevaa koti tupu. Kwa hiyo mtu anayewaandikia kuhusu maisha ya kijeshi ni mtu aliyekuwa jeshini kwa muda wa kufungua mdomo na kuufunga.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Ndirangu, aliyenitangulia. Naye hakuwa askari. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa, na Kamanda alimpa gwaride kwa hoja kwamba kwaya nayo husimama kwa mistari. Siku yangu ya kwanza baada ya ile aibu ya saluti, alinikuta nikikimbia huku na huku na kamba, nikipima mabega ya watoto.

"Sajini," akaniita, "hebu funga macho."

Nikafunga.

"Wewe sasa ni mzazi. Umetoka Kianyaga asubuhi na mapema, umekaa nyuma ya mama mwenye kofia kubwa ya harusi. Unaona nini?"

"Kofia."

"Unasikia nini?"

Akawaamuru watoto wapige mguu. Paa!

"Umeona?" akasema, ingawa nilikuwa nimefumba macho. "Mzazi haoni mstari. Mzazi anasikia. Wapange kwa masikio."

Uwanja wetu wa saruji ulikuwa wa kuanikia mahindi, na chini yake kulipita mfereji wa maji uliobaki mtupu, basi mguu ukipigwa juu ulinguruma chini kama ngoma. Ndirangu ndiye aliyeigundua siri hiyo. Ndiye pia aliyempelekea fundi viatu wa mjini viatu vyote vya gwaride vipigiliwe chuma kisiginoni. Baada ya hapo mlio wetu ulisikika hadi kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai, na akina mama wa kule walijua saa kwa miguu yetu. Mlio ulitakiwa uwe mmoja. Ukisikika paa-pa, watoto wote wanarudia. Ndirangu alipostaafu kwenda kulima, aliniachia filimbi, fimbo ya kupimia hatua, na sikio lile. Filimbi ilipotea. Sikio halikupotea. Nilikuwa nikila ugali kantini, mtu akidondosha kijiko na mwingine akadondosha chake nyuma kidogo, nataka warudie.

Niwape na jambo moja la kuwasaidia. Chokaa ya kuchorea mistari uwanjani ichanganyeni na chumvi kidogo, mvua haitaifuta upesi. Na muelewe kazi ya chokaa hiyo. Kila mwanafunzi wa gwaride ana alama yake, mstari mfupi wa chokaa chini ya kidole gumba cha mguu. Akiingia uwanjani macho yake yako mbele, lakini nusu ya jicho inatafuta alama. Kwa miaka yote hiyo niliamini nawafundisha kutii amri. Walichojifunza ni kufuata chokaa.

Mambo magumu yalikuwepo. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alimpigia nyanya yake saluti siku ya kutembelewa, na bibi wa watu akainama akidhani anarushiwa ngumi. Mwingine, kutoka Doldol, ambaye hakuwahi kulala mbali na mbuzi wa kwao, alikuja mbele yangu akasimama kwa mguu sawa.

"Afande, naomba ruhusa."

"Ya nini?"

"Ya kulia, Afande."

Kwetu kila kitu kilihitaji ruhusa: kukohoa, kuchelewa, kurudia uji. Hilo la kulia halikuwa kwenye kanuni. Nikampeleka kwa Wangui, matroni wa mabweni, mama mwenye sweta mbili na subira moja ndogo sana.

"Mwache alie," akasema Wangui. "Utampanga kwa mstari akimaliza."

Nikampa ruhusa. Kisha, Mungu anisamehe, nikamwambia alie wima.

Nasra aliletwa na baba yake kutoka Nanyuki. Mzee Guyo ni mfanyabiashara wa mifugo. Hununua ng'ombe na mbuzi huko Doldol na kuwauza mjini, na siku ya kwanza alizunguka shule yote mikono nyuma, akitutazama kama anayetafuta kasoro kabla ya kutaja bei. Alifika kwenye ule mzinga, akaugonga kwa kucha, ukalia ting. Akanitazama. Nikatazama mlima.

"Huyu msichana anataka jeshi," akaniambia. "Tangu akiwa mdogo hivi. Nimemwambia uolewe, anasema jeshi. Nimemwambia usome udaktari, anasema jeshi. Mwalimu, nyinyi mtamfikisha?"

Jibu la shule lilikuwa limechapishwa kwenye mabango yote ya barabarani hadi Karatina. Nikamjibu kwa maneno ya mabango. "Tutamfikisha, Mzee."

Miaka minne baadaye Nasra alikuwa mwanafunzi bora wa gwaride niliyewahi kupata. Sauti yake ilikuwa safi, mgongo umenyooka, na mguu wake ulikuwa ndio mguu ambao wengine wote waliufuata. Sasa, kwetu gwaride la kuhitimu halifanywi watoto wanapomaliza mitihani. Kamanda huwarudisha shuleni mwaka unaofuata, matokeo yakishatoka, wafanye mazoezi ya wiki tatu, ili siku ya gwaride asome alama za waliofaulu na awanyamazie wengine. Anayeongoza gwaride hilo hupewa Cheti cha Kamanda wa Gwaride. Mwaka huo Nasra alichaguliwa kuongoza, na wiki chache baada ya gwaride kulikuwa na usajili wa jeshi Nanyuki. Alikuwa amepanga kila kitu: angelipata cheti, angelikipeleka kwenye meza ya maofisa, na wao wangeona.

Katika wiki ya kwanza ya mazoezi nikasikia paa-pa.

Nilidhani ni mtoto wa nyuma. Nikawasikiliza mstari kwa mstari, mpaka nikafika mbele. Ilikuwa Nasra. Mguu wake wa kulia ulikuwa unachelewa, kidogo tu, kama mtu anayefikiri kabla ya kusema. Nikafanya nilichokuwa nikifanya kwa kila mtu. Nikamtoa mbele, peke yake, apige mguu mpaka uwahi. Alipiga. Alipiga huku midomo imekauka na mimi nimefumba macho, nasikiliza, nasema "bado." Ulipowahi nilimsifu. Nilienda kulala nimeridhika, na si mara nyingi mimi hulala nimeridhika.

Asubuhi Wangui alinisubiri mlangoni mwa stoo.

"Sajini, huyo Nasra wako anashuka ngazi za bweni kwa makalio."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza mimi? Mguu haukanyagi." Akanishika mkono wa koti, akanivuta mpaka kwenye kabati lake, akafungua. Rafu nzima ilijaa vichupa vya mafuta ya kuchua, vingi vimekwisha. "Ulidhani haya yote ni ya nani? Ya mimi na wazee wa kanisa? Watoto wako wanalala wakijikanda miundi. Kila muhula. Nikisema, naambiwa ni uanajeshi."

Nilimpeleka Nasra kliniki mjini. Daktari alimbonyeza muundi kwa kidole gumba, mahali pamoja tu, naye akaruka kitandani. Wakampiga picha. Daktari akaniuliza anafanya kazi gani huyu, nikasema ni mwanafunzi, akauliza ni mwanafunzi wa nini. Nasra akamjibu kwa kumtajia usajili wa jeshi.

"Mfupa umechoka," akatuambia. "Haujapasuka. Ukiupumzisha mwezi mmoja na kidogo, utakimbia nao popote. Ukiendelea kuugonga kwenye saruji na hicho chuma, utapasuka, na huo usajili utaenda kuutazama na magongo."

Tulirudi kwa miguu polepole hadi stendi. Tulipokaa, Nasra akanigeukia.

"Afande, usimwambie Kamanda."

"Nitamwambia akutoe kwenye gwaride."

"Akinitoa, cheti kinaenda kwa mtu mwingine."

"Nasra, hicho cheti…" Hicho cheti nilikichapa mimi. Tai aliye juu nilimtoa kwenye mtandao, na nyuma yake, ukikiinua kwenye mwanga, unaona jina la duka la cyber nilikochapia. "Hicho cheti jeshini hakina kazi."

"Wewe uliandikwa, Afande?"

"La."

"Basi utajuaje?"

Miaka minne nilikuwa nimempigia kelele kuhusu mambo ya jeshi, na siku niliyomwambia neno moja la kweli alikuwa na haki ya kutoliamini.

Nilikwenda kwa Kamanda. Sikumtaja Nasra kwanza. Nilimwomba mwaka huo gwaride liwe la mwendo tu, bila kupiga mguu, au tuvitoe vile vyuma.

Kamanda alikuwa anang'arisha bereti kwa brashi ya viatu. "Sajini. Mzazi ametoka Meru, ametoka Kianyaga. Atanunua gwaride bubu?"

"Kuna mifupa ya watoto, Kamanda."

"Kila mtu ako na mifupa."

"Huyu wa mbele daktari amesema…"

"Kama wa mbele ni mgonjwa, mtoe, weka mwingine mwenye mguu. Cheti kibadilishwe jina. Si wewe ndiye unachapa?" Akaiweka bereti kichwani, akajitazama kwenye kioo cha dirisha. "Mimi nataka paa. Bila paa hii ni shule ya msingi iliyo na mzinga."

Nikasema, "Ndiyo, Kamanda." Nimesema maneno hayo mara nyingi kuliko jina langu.

Kwa siku zilizobaki nilimsimamisha Nasra juu ya jukwaa, eti anafanya mazoezi ya sauti, na mguu wake ukapata kupumzika. Lakini siku yenyewe ya gwaride sikuwa na jukwaa la kumficha. Angeongoza kwa miguu, saa nzima, mbele ya watu wote, na nilimjua: angeupiga ule mguu kuliko siku yoyote. Nilimfundisha hivyo.

Asubuhi ya gwaride niliamka kabla ya jogoo wa jikoni. Mvua ilikuwa imenyesha. Mahema yalikuwa yamekwisha kusimama, viti vya plastiki vimepangwa, jukwaa la Kamanda limefunikwa kitambaa cha satini, na vyote vilielekea kwenye saruji. Nilichukua ndoo ya maji na brashi ngumu nikaisugua saruji mpaka hakuna alama hata moja iliyobaki. Kisha nikachukua chokaa na chumvi nikaenda kwenye uwanja wa mpira, nyuma ya mahema, nikachora gwaride lote upya juu ya nyasi, alama kwa alama. Nilichora mstari wa tatu nikaufuta, nikauchora tena, kwa sababu palikuwa na shimo la fuko na mstari ulipinda. Hebu fikirini: nilikuwa najifukuza kazi kwa mikono yangu mwenyewe, na bado nilitaka mistari inyooke.

Wazazi walikuja. Alikuja mgeni wa heshima, tajiri wa mabati na misumari, akaketi karibu na Kamanda. Kwenye kipaza sauti likatangazwa gwaride.

Waliingia saba-saba, macho mbele, na nusu ya kila jicho ikitafuta chokaa. Saruji ilikuwa tupu, imeng'aa. Nilimwona Nasra akifika ukingoni. Alipunguza hatua. Aliziona alama kule kwenye nyasi, akanitazama mimi niliyesimama kando yake na brashi bado mkononi, kisha akaitazama saruji, kisha jukwaa. Kama angetaka, angeweza kuwapeleka kwenye saruji bila alama. Sauti alikuwa nayo.

Akaamuru, "Kulia… zunguka!"

Gwaride zima likapita kando ya mahema likaenda nyuma ya wazazi.

Mnajua kelele za viti vya plastiki vikigeuzwa vyote kwa pamoja? Ndizo kelele pekee zilizosikika siku ile. Mgeni wa heshima aligeuka kiti kikamkwama kwenye zulia. Mama mmoja mwenye kofia ya manyoya akajikuta mstari wa mbele kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kamanda alibaki juu ya jukwaa akiipigia saluti migongo ya watu. Na kule kwenye nyasi watoto walipiga mguu, wakapiga tena, na hatukusikia kitu ila matope: chwa. Chwa. Kidogo sana, kama ng'ombe anayekunywa maji mbali.

Nilikwenda nikasimama karibu na Mzee Guyo. Mwanamume mmoja kutoka Kianyaga, aliyevaa suti yenye lebo bado kwenye mkono, alimwinamia.

"Mzee, sasa hii ni gwaride ama ni paka wanavuka shamba?"

"Kwani wewe ulileta mtoto ama ulileta ngoma?" akajibu Mzee Guyo bila kugeuza kichwa.

"Mimi nataka kusikia!"

"Tumia macho. Hata hayo Mungu alikupa bure."

Mimi nilifumba macho kwa mazoea. Hakukuwa na kitu cha kusahihisha. Nikayafungua, na ndipo nilipoliona gwaride langu kwa mara ya kwanza. Mstari wa tatu ulikuwa umepinda. Nasra alikuwa mbele, matope hadi magotini, na mguu wa kulia ulikanyaga sawa na wa kushoto.

Kamanda alishuka na kipaza sauti mkononi. Alisoma alama, akatoa vyeti, na Nasra akapewa chake. Kisha akaniita mbele.

"Wazazi wapendwa," akasema, "Sajini wetu ametutumikia kwa moyo. Leo anastaafu."

Makofi yakapigwa. Hiyo ndiyo ilikuwa habari yangu ya kwanza ya kustaafu. Aliangaza macho mezani atafute zawadi, akachukua chupa ya chai iliyokuwa imefungwa kwa karatasi ya maua kwa ajili ya mgeni wa heshima, akanikabidhi. Mgeni wa heshima akaisindikiza kwa macho. Ni chupa nzuri. Chai inakaa moto mpaka jioni.

Siku ya usajili nilikwenda Nanyuki. Mzee Guyo alisema nije, na nisingeweza kukaa nyumbani. Tulisimama nje ya ua wa waya pamoja na wazazi wengine, upepo wa mlimani ukitupiga visogo. Nilikuwa nimempa ahadi ya mabango nisiyoweza kuitimiza, sasa nilitaka kuona kama nilimvunja na mfupa.

Nasra alifika kwenye meza ya kwanza akatoa cheti. Ofisa alikitazama mbele, akakigeuza nyuma, akakiinua kwenye mwanga. Halafu akakiweka mezani vizuri, akaweka kikombe chake cha chai juu yake.

"Sasa ameweka nini?" akauliza Mzee Guyo.

"Kikombe."

"Mwalimu, hicho ni cheti?"

"Ndiyo, Mzee."

"Meza yao ilikuwa na maji labda," akasema, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananisitiri au ananisuta.

Kwenye meza ya mganga Nasra aliambiwa akunje suruali. Mganga alimbonyeza miundi yote miwili kwa kidole gumba, juu mpaka chini. Nilishika waya. Akambonyeza pale pale. Nasra alikuwa anatazama mlima. Wakamwambia aruke kwa mguu wa kulia peke yake, akaruka, akaruka tena, akaruka mpaka wakamwambia basi. Kisha wakawapanga kwa mbio. Wasichana wengi walianza kwa kasi wakaishia kando wameshika mbavu. Nasra alikimbia kama mtu asiye na haraka na hakusimama. Alimaliza wa nne. Jioni ilipoingia alikuja kwenye ua, mkono umeandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito.

Mzee Guyo aliufikisha uso wake kwenye waya, akaisoma ile namba tarakimu kwa tarakimu. Niliyesema ni mimi.

"Wamekuchukua."

"Wamenichukua, Afande. Lakini waliniambia nitembee kawaida."

"Ukatembea?"

"Ilinichukua muda." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kwanza nilitembea ile yetu ya gwaride. Yule ofisa akauliza, 'Wewe nani alikufundisha hivi?' Wenzake wakasimama wote kuangalia."

"Ukasema nani?"

"Nikasema nilijifunza kwenye simu."

Tangu wakati huo mabadiliko shuleni ni haya. Mzee Guyo alimpigia Kamanda simu kuhusu miguu ya watoto, wazazi wengine nao wakapiga, na matroni Wangui akavibeba vile vichupa vitupu vyote akavipanga juu ya meza ya ofisi. Vyuma vya visigino vimeng'olewa. Gwaride hufanyika kwenye nyasi, na mlio wa miguu hutoka kwenye spika.